Masanduku ya Vita Juu ya Meza ya Fundi

Kwenye kisiwa cha Remba hakuna barabara ya gari, lakini betri za gari zimejaa. Usiku zinaingia ziwani pamoja na wavuvi wa omena, zikiwasha taa zinazoelea juu ya maboya ili samaki wale wadogo wavutwe na mwanga. Mchana zinarudi nchi kavu kuchajiwa, na nyingine hazipewi hata mapumziko: zinaendesha redio ya kibanda au kujaza simu za wateja. Zamani kazi ya taa ilikuwa ya karabai, ile ya mafuta na pampu, iliyonguruma usiku kucha na kupasuka kioo ikirushiwa tone la maji. Betri iliundwa kugutusha injini ya lori. Huku haijawahi kuonana na lori.

Remba ni mwamba mdogo nje ya Mfangano, upande wa Suba katika kaunti ya Homa Bay, umevikwa mabati toka ufuoni mpaka juu. Waluo, Wasuba, Waganda na watu wa upande wa Tanzania wamebanana humo kuta zikigusana, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei na kuwagombanisha pia. Kifaa kikifika kwa fundi wa mahali kama hapa, hakuna anayejali sana kilitoka kiwandani kikiwa na kazi gani. Kinafunguliwa, kinachunguzwa tumbo, kinapewa kazi nyingine.

Ufundi huo una ukoo mrefu, na tawi lake moja linapitia kwenye masanduku ya chuma ya rangi ya kijani, kijivu na nyeusi yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia: redio za vifaru, za ndege, za mgongoni mwa askari. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na kizazi kizima cha wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wanaorusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi bila kutafuta pesa, kikajifunzia humo. Afrika Mashariki ilikuwa na mkono wake katika hadithi hiyo, tangu kabla masanduku hayajatengenezwa.

Kwenye ziwa hili redio ilianza kazi kama silaha. Wajerumani walikuwa wamesimamisha mitambo ya simu ya upepo, kama wazee walivyoiita, Mwanza na Bukoba kabla ya 1914. Vita vilipoanza, Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi ziwani, lakini adui aliweza kupashana habari juu ya maji bila waya wala tarishi. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Karungu, ufuo ulio leo katika kaunti ya Migori, kisha wakapanda hadi Kisii, ambako walipigana na Waingereza tarehe 12. Mwaka uliofuata Waingereza walilipiza, na walichokitaka hasa kilikuwa ule mnara wa Bukoba.

Kikosi cha Brigedia Jenerali J. M. Stewart kilipakiwa Kisumu Juni 1915 kwenye meli za ziwani zilizozoea kubeba pamba na abiria: Usoga, Rusinga, Nyanza, Winifred na nyinginezo. Zikatoka kwenye ghuba ya Winam, zikaliacha nyuma eneo la visiwa vya Suba, zikavuka. Mmoja wa maofisa alikuwa Frederick Selous, mwindaji maarufu aliyekuwa na miaka 63. Walishuka karibu na Bukoba tarehe 22; kesho yake mji ulikuwa mikononi mwao, mnara ukalipuliwa, maduka na nyumba zikaporwa. Kisha wakapanda meli wakarudi. Mtambo ambao miaka 30 baadaye watu wangeupangia foleni ulitiwa baruti bila hata kufunguliwa kwa bisibisi.

Vita vya pili vilikuja na ajabu ya kinyume: vifaa vya raia kugeuzwa vya jeshi. Desemba 1939, kwenye chuo kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, Basil Schonland na wenzake walipokea mwangwi wa kwanza wa rada waliyoiunda wenyewe. Uingereza ilikuwa imewapa nyaraka za siri lakini haikuwa imewapa mtambo, kwa hiyo sehemu nyingi walizichukua madukani, kwa wauzaji wale wale waliowauzia wapenzi wa ridhaa waya na vali, ile mirija ya kioo ya redio za zamani. Mwaka 1940 rada hiyo ililetwa Kenya, ikafungwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuwachungulia Waitaliano waliokuwa Somalia. Kijiji cha wavuvi wa Kiswahili na msikiti wake kikawa miongoni mwa mahali pa kwanza barani kulindwa kwa rada, na rada yenyewe ilikuwa na matumbo ya dukani.

Mombasa nayo ilipata wageni. Wajapani walipoipiga Colombo kwa mabomu mnamo Aprili 1942, ofisi ya Waingereza ya kunasa na kufumbua mawasiliano ya Kijapani ilihamishiwa Kilindini, ikakaa katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Walilalamika kwamba mawimbi kutoka mbali kiasi hicho yalifika yamechoka. Hata hivyo ni hapo hapo walipoifumbua JN-40, lugha ya siri ya meli za mizigo za Japani, kabla ya kurudi Colombo mwaka 1943. Madarasani ambamo watoto wa Mombasa walifundishwa hesabu, watu wazima walikaa na spika za masikioni wakihesabu nukta na vistari.

Dar es Salaam, mwaka 1943, kulikuwa na ndege kubwa za majini aina ya Sunderland za kikosi namba 230 cha jeshi la anga la Uingereza, zikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Ndani ya ndege kama hizo mlikuwa na jozi iliyokuja kuwa maarufu kuliko marubani wake: mtambo wa kurushia T1154, wenye vifundo vikubwa vya rangi nyekundu, njano na bluu kama mchezo wa watoto, na kipokezi R1155.

Halafu kuna askari wenyewe. Kikosi cha mawasiliano cha Afrika Mashariki kilihitaji watu waliosoma, kwa hiyo kilichukua vijana wa shule za misheni, na Nyanza ilikuwa na shule hizo kwa wingi. Kijana aliyezoea kupiga kasia alifundishwa kupiga ufunguo wa Morse, kuunganisha betri, kukaza eriali, kuusikiliza mkwaruzo na kuuchambua mpaka sauti itoke. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, katika mvua na malaria, na kufika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka, redio zilikwenda nayo, na hazikujibeba.

Vita vikaisha. Masanduku yakabaki.

Ni vigumu leo kuwaza wingi wake. Viwanda vya Uingereza, Kanada na Marekani vilikuwa vimetoa redio kwa mamia ya maelfu, na nyingine hazikuwahi kutolewa kwenye makasha. London, mtaa mwembamba wa Lisle ukajaa maduka ya mabaki ya vita, masanduku yakipangwa mpaka njiani. Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo katika miji kadhaa. Kenya nayo ilipangiwa kuwa ghala. Uingereza, ikijua kwamba India na Misri zinaponyoka, ilianza mwaka 1947 kujenga bohari kubwa la jeshi Mackinnon Road, kwenye reli kati ya Mombasa na Voi, ambapo wasafiri wengi leo hupajua kwa msikiti na kaburi la Seyyid Baghali. Mpango ulikuwa kuhifadhi hapo tani 200,000 za mali ya jeshi. Kabla ya miaka mingi kupita wakubwa walibadilisha mawazo, na nyika ikajirudia.

Sasa mtu ananunua sanduku. Hana kitabu chake, maana kitabu kilikuwa siri. Hana mchoro. Ana sanduku zito, tundu za plagi za ajabu, na bamba lenye herufi. Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma.

Mali ya Uingereza ilijulikana kwa alama ya mshale mpana, kama wayo wa kuku, uliogongwa kwenye chuma. Vitu vya jeshi la anga vilikuwa na taji na herufi AM, na namba ya bohari: ikianza na 10D ni redio au sehemu yake kubwa, ikianza na 10E ni vali. Wamarekani walikuwa na mila yao. SCR ni seti nzima ya kikosi cha mawasiliano. BC ni kipande kimoja cha seti hiyo. Kwa hiyo mtu aliyenunua BC-1000 alikuwa amenunua redio ya mgongoni SCR-300 ikiwa na upungufu, akajiuliza kwa nini haina betri wala mkono wa kusemea. Baadaye Wamarekani wakaja na utaratibu wa AN, ambamo herufi tatu zinaeleza kila kitu: AN/ARC-5 ni ya ndege, ni redio, ni ya mawasiliano. Mwenye kujua herufi hizo alipita sokoni kama mnajimu.

Vali zilikuwa fumbo zaidi. Chukua vali moja tu, EF50 ya kampuni ya Philips, iliyotumiwa kwa wingi katika rada. Kwenye jeshi la anga iliitwa VR91. Jeshi la nchi kavu likaiita ARP35. Majeshi yalipokubaliana majina ya pamoja ikawa CV1091. Duka moja lingeweza kuiuza kwa bei nne tofauti chini ya majina manne, na mteja mjuzi akachukua ya bei nafuu huku akitabasamu. Orodha za kulinganisha majina zilinakiliwa kwa mkono, zikapitishwa kama dawa ya mganga.

Kulikuwa pia na masanduku ya kuogopwa. Mitambo ya kujitambulisha, iliyojibu rada za upande wa rafiki, ilifungwa kiberiti cha mlipuko ndani ili rubani aiharibu kabla haijaangukia mikononi mwa adui. Magazeti ya redio yalionya: angalia kwanza kama kiberiti kimeshatolewa. Mishale ya saa iliyong'aa gizani ilipakwa radiamu. Na kapasita kubwa iliyokaa kimya ghalani kisha ikatiwa umeme wa majaribio haikuhitaji vita ili imwangushe mtu.

Tuiweke R1155 mezani, kwa sababu ndiyo iliyopendwa kuliko zote na ndiyo inayoonyesha ugeuzaji ulivyokuwa. Ni sanduku jeusi lenye vali 10. Linasikia kuanzia kilohezi 75 hadi megahezi 18.5, katika bendi tano, likiruka pengo kati ya 1.5 na 3. Lilitengenezwa limwambie mwongoza ndege yuko wapi, kwa hiyo nusu ya tumbo lake ni vitu vya kutafuta mwelekeo: swichi, vali, waya zinazokwenda kwenye saa ya sindano mbili. Mpenzi wa ridhaa hana haja ya kujua London iko upande gani. Anakata. Vali hizo zinatoka, nafasi yake inabaki wazi, na nafasi wazi ndani ya redio ni kama kiwanja mjini.

Kisha umeme. Ndegeni kipokezi kililishwa na kijenereta kinachozungushwa na betri, kinachopandisha volti chache hadi zaidi ya 200. Mezani panahitajika transfoma, vali ya kunyoosha umeme, kapasita za kuutuliza, na volti 6.3 za kupasha nyuzi. Hapa wengi waliteleza. Mwanafunzi wa redio amezoea kuunga upande hasi wa umeme mkubwa moja kwa moja kwenye fremu ya chuma. Katika R1155 upande hasi haugusi fremu. Unapita kwanza kwenye rezista, na zile volti zinazopotea hapo ndizo zinazozituliza vali za mbele. Ukiunga kwa mazoea, redio inanguruma kama mtu mwenye homa, na unaweza kukaa wiki ukilaumu vali zisizo na kosa.

Mwisho sauti. Sanduku lilitoa sauti ya kutosha masikio ya mtu mmoja aliyevaa spika za masikioni katika kelele za injini nne. Kusikilizisha nyumba kulitaka vali nyingine, mara nyingi 6V6, na transfoma ya spika. Vyote viwili viliingia katika kile kiwanja kilichoachwa na vifaa vya mwelekeo. Kuna uzuri fulani hapo: mahali palipokaa dira pakakaa mdomo.

Seti namba 19, redio ya vifaru iliyobuniwa na kampuni ya Pye ya Cambridge, ilikuwa mnyama mwingine. Ilirusha na kupokea katika megahezi 2 hadi 8, na ndani ya upana huo zimo bendi mbili za ridhaa, ya mita 80 na ya mita 40. Haikuhitaji hata kubadilishwa masafa. Nyingi zilitengenezwa Amerika ya Kaskazini kwa ajili ya kupelekwa Urusi, maandishi ya Kiingereza juu na ya Kirusi chini, hata mtu aliyeinunua bila mkewe kujua akaonekana jasusi. Kwenye mlango wa mwisho wa mtambo ilikaa vali 807, ambayo wapenzi wa ridhaa waliitesa kwa volti zaidi ya ilizoandikiwa, nayo ikavumilia.

Vipokezi vidogo vya Kimarekani vya ndege, vile vya familia ya ARC-5, vilikuwa na fundisho lake. Nyuzi za vali zake zilikuwa za volti 12, zimeungwa mbili mbili kwa kufuatana ili zitoshe volti 28 za ndege. Fundi alikata miungo hiyo akaziunga sambamba. Kwa nusu saa ya kulehemu, redio ya ndege ya kivita ikawa redio ya betri ya gari.

Na hapa ndipo vitabu vya ugeuzaji vilivyoandikwa Ulaya vilipokuwa na upofu. Karibu vyote vilianza na amri ile ile: toa kijenereta cha betri, weka transfoma ya umeme wa nyumbani. Kwa mtu wa Birmingham, sawa. Kwa mtu aliyekaa shamba la Trans-Nzoia au misheni ya ufuo wa ziwa, ambako nguzo ya umeme haikuwa hata ndoto, kile kijenereta kilichotupwa Birmingham kilikuwa ndicho kiini cha thamani. Seti namba 19 ilikula volti 12 kama ilivyozaliwa. Jeshi lilikuwa limetengeneza redio kwa mazingira yasiyo na barabara, yasiyo na umeme, yenye vumbi na unyevu. Yaani lilitengeneza, bila kukusudia, redio ya bara la Afrika. Kilichotakiwa kubadilishwa kilikuwa kidogo sana.

Chuma, basi, hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa karatasi.

Wakati wa vita ridhaa ilikuwa imezimwa katika himaya yote ya Uingereza. Leseni zilifutwa mwaka 1939, mitambo ikachukuliwa. Uingereza ilizifungua tena leseni Januari 1946. Afrika Mashariki ilikuwa na majina yake hewani: VQ4 kwa Kenya, VQ3 kwa Tanganyika, VQ5 kwa Uganda, VQ1 kwa Zanzibar. Mtu wa Sweden au Brazili akisikia VQ1 katikati ya usiku aliruka kitandani, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na vituo vichache mno na kadi yake ya kuthibitisha mawasiliano ilitafutwa kama stempu adimu. Lakini leseni ilitaka mtihani wa nadharia, mtihani wa Morse, ada na idhini ya serikali, na ridhaa katika makoloni ilikuwa kwa sehemu kubwa starehe ya Wazungu: maofisa, walowezi, wahandisi, marubani.

Yule kijana wa Nyanza aliyerudi kutoka Burma aliijua redio kwa vidole. Aliweza kuitafuta hitilafu gizani, mvuani, chini ya risasi. Baadhi ya wenzake walipata ajira polisi, posta na reli, ambako walikaa tena mbele ya mtambo wa serikali wakituma ujumbe wa serikali. Wengine walirudi kwenye nyavu. Koloni iliyomkabidhi redio ya vita haikuona sababu ya kumkabidhi redio ya maongezi, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 hamu ya kufanya hivyo ilipungua zaidi. Wahunzi husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa koleo lilikuwa zima, ila limefungiwa kabatini.

Kwa Waafrika walio wengi redio ikabaki ya kusikiliza tu, na ya kusikiliza ilikuja kwa nguvu. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, yakiwatukana wakoloni kwa lugha ambayo wakoloni walilazimika kuajiri wafasiri kuielewa. BBC ikafuata tarehe 27 Juni 1957, Oscar Kambona akiwa sauti ya kwanza. Kisha transista. Redio iliyobebwa mkononi na kula betri ndogo ikafika mwalo kwa mwalo, nayo ikayafanya masanduku ya vita yaonekane kama vifaru mbele ya baiskeli. Wapenzi wa ridhaa wenyewe waliyaacha polepole walipohamia njia mpya ya kurusha sauti inayobana mawimbi nusu, ambayo vipokezi vya 1940 viliipokea kwa shida, vikitoa sauti ya bata.

Kazi ambayo redio za jeshi zilikuwa zimeionyesha haikufa nazo. Madaktari wanaoruka, shirika lililoanzishwa 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wa redio za masafa mafupi kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ukiunganisha hospitali na zahanati za misheni zilizo mbali na simu. Kwa saa zilizopangwa muuguzi aliita, akasoma dalili za mgonjwa, akasubiri kupitia mkwaruzo jibu la daktari. Ni utaratibu wa jeshi hasa: muda maalumu, jina la kituo, maneno machache, zamu yako. Risasi tu ndizo zilizokosekana.

Wazo la kujiundia mtambo lilirudi ufuoni mwa ziwa hili kwa njia isiyotarajiwa. Mei 1982, mjini Homa Bay, Unesco na serikali ya Kenya zilianzisha kituo kidogo cha FM kilichotangaza kwa Dholuo. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba kituo kinaweza kujengwa kwa gharama isiyofika dola 25,000, kwa mtambo rahisi ambao fundi wa kawaida angeuelewa na kuutengeneza. Mara nyingi hutajwa kuwa redio ya jamii ya kwanza barani Afrika. Mtu aliyepata kukaa mbele ya sanduku la vita lililokatwakatwa angeitambua falsafa hiyo mara moja: sehemu chache, mchoro unaoeleweka, bisibisi moja.

Kituo hicho kilikuwa hewani kwa miezi michache tu wakati, alfajiri ya Agosti 1, askari wa jeshi la anga walipoiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela awatangazie wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio lilizimwa kabla siku haijaisha. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi, Hezekiah Ochuka, alikuwa mtu wa Nyanza. Mwaka 1984 serikali ilikifunga kituo cha Homa Bay. Vyuma vyake havikuwa na kosa.

Miaka mingi baadaye, sheria zilipolegea, kisiwa jirani cha Mfangano kilipata EK FM, kituo cha jamii kinachozungumza Kisuba, lugha ambayo watu walikuwa wameanza kuizika. Kisumu ikawa na Radio Nam Lolwe, iliyochukua jina la Kiluo la ziwa. Mvuvi wa Remba huzisikia kupitia simu au kijiredio kilichofungwa kwa mpira, kikinyonya betri ile ile itakayokwenda kuwasha taa jioni.

Majina ya VQ yalifutwa baada ya uhuru. Kenya ilipewa 5Y na 5Z, na wapenzi wa ridhaa wake wakawa 5Z4. Mmoja wao si mtu. Ni kinara, 5Z4B, kimoja kati ya 18 vilivyotawanywa duniani ili watu wapime hali ya mawimbi. Kila dakika tatu, usiku na mchana, kinatuma jina lake kwa Morse kwenye megahezi 14.100, kisha vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa nguvu ya wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati 1, cha nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Masafa hayo yamo ndani ya bendi ya kwanza ya R1155. Kipokezi kilichotolewa ndani ya Sunderland, kikitiwa vali nzima na waya mrefu wa shaba, bado kingeweza kukisikia: ungewasha swichi ya kusikilizia Morse, ungezungusha kifundo taratibu, ungengoja. Kistari cha nne ndicho kigumu. Kinarushwa kwa nguvu ndogo kuliko inayotumiwa na taa moja ya omena.